Asiyekutaja

Mchezaji wa mapiko hajivishi mwenyewe. Huvishwa. Wenzake humchukua kando, nyuma ya kichaka au ndani ya ua wa makuti, mbali na macho ya wanawake na watoto, kisha kazi huanza: nguo juu ya nguo, mikono ya shati ikifungwa kwenye viganja, soksi miguuni na pengine hata mikononi, vitambaa vya kukaza kiuno, halafu njuga. Kila mahali ambapo ngozi inaweza kuchungulia hukaguliwa. Kovu moja la utotoni juu ya kifundo cha mguu linatosha kuharibu shughuli nzima, maana uwanjani yupo dada yake, yupo mama yake, na mama hahitaji kuiona sura ili amtambue mwanawe. Mwisho huja kichwa chenyewe, lipiko, kilichochongwa kwenye mti laini na kukombwa ndani mpaka kikawa kama helmeti. Hupandishwa kichwani kwa kuinamishwa, kitambaa cha ukingoni kikafunika shingo, na mchezaji akabaki kuitafuta njia kupitia mdomo wa ile sanamu. Haoni mengi. Tangu hapo hana jina.

Husemwa sana kwamba kusini mwa Tanzania kuna ngoma lakini hakuna tamthilia. Kwamba ukitaka tamthilia panda basi uende Bagamoyo au Dar es Salaam. Sikubaliani na kauli hiyo, na wala sihitaji kwenda mbali kuipinga. Kinachofanyika nyuma ya kile kichaka kina mwigizaji, kina vazi, kina siri na kina mgogoro. Wahusika wake ni vijana waliokua pamoja, ndugu zao waliosimama uwanjani wakiwatazama, na wapiga ngoma wanaoamua nani asonge na nani asimame. Ni tamthilia ya urafiki wa wanaume, na jambo linalopimwa ndani yake ni moja: je, mwenzako atakusitiri?

Mapiko, ngoma hii ya vinyago, ni ya Wamakonde, na hasa ya wale wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, huko Mueda na Muidumbe, ingawa leo mto haugawanyi sana mambo hayo. Wamakonde wa upande wetu, wa nyanda za Newala na Tandahimba, wanayo midimu yao, vinyago ambavyo mara nyingi hufunika uso tu badala ya kichwa kizima; na wako wachezaji wanaopanda magongo marefu wakatembea juu ya vichwa vya watu kwa mwendo wa madaha. Wayao na Wamakua nao wana vya kwao. Ukishuka pwani, Mikindani na vijiji vya Msimbati, Madimba na Kilambo, unakuta Wamaraba waliochanganya ya bara na ya baharini, Maulidi na manyanga, bila kuona haja ya kumwomba mtu radhi.

Yote hayo huanzia jandoni, na urafiki nao huanzia hapohapo.

Zamani watoto wa kiume waliingia kumbi, kambi ya jando, wakakaa miezi. Siku hizi jando limebanwa na kalenda ya shule. Linafanyika likizo ya Juni au ya Desemba, na mara nyingine kazi ya ngariba imekwisha kufanywa hospitali kabla kumbi halijajengwa. Lakini umbo la jambo limebaki. Wanaingia wengi, wanalala pamoja chini, wanauguza vidonda pamoja, wanafundishwa nyimbo na mafumbo, wanachapwa kwa makosa ya mmoja. Wakitoka huitwa wali, wamevikwa nguo mpya, miwani ya jua na miavuli, wanapitishwa barabarani kwa ngoma, mama zao wakiwa mbele na kanga za sare. Mwanamume wa Mtwara akikuambia kuhusu mtu fulani kwamba waliingia kumbi moja, amekwisha kukueleza uhusiano wao. Huna haja ya kuuliza kama ni ndugu.

Jorge na Margot Dias, wataalamu waliotoka Ureno na kufanya utafiti kwa Wamakonde wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950, waliandika juu ya jambo moja ambalo kwangu ndilo moyo wa tamthilia hii. Mtoto wa Kimakonde alilelewa kuogopa lipiko. Aliambiwa ni mfu aliyefufuliwa, si mtu. Alilikimbia, alilala macho kwa ajili yake. Kisha, akiwa jandoni, siku moja huletewa lipiko lilelile na kulazimishwa kupambana nalo mpaka alivue kichwa. Anakivua, na ndani anamkuta mtu. Mtu wa kijijini, anayemfahamu, pengine yule aliyemtuma dukani wiki iliyopita. Papo hapo huapishwa asiseme. Yule mtoto anatoka mle akiwa na vitu viwili asivyokuwa navyo asubuhi: amepoteza hofu, na amepata siri anayoilinda pamoja na wenzake wote wa kumbi lile. Sijui mwandishi wa tamthilia, wa lugha yoyote, asiyetamani tendo la kwanza la namna hiyo.

Sasa njoo kwa wanawake. Kwa kanuni ya zamani wao hawakutakiwa kujua. Walitakiwa kuamini kwamba ni mfu anayecheza, wapige kelele, wakimbie, warudi, wakimbie tena. Watafiti wengi waliokaa na Wamakonde wanasema waziwazi kwamba wanawake walijua. Na wangekosaje kujua? Nani aliyefua shati lile? Nani aliyeona kijana wake ametoweka alasiri nzima na kurudi usiku amelowa jasho, miguu imevimba, hataki kusema alikuwa wapi? Walijua, wakakimbia hivyohivyo. Ukiutazama mchezo huo kwa makini utaona kwamba siri ya wanaume ilikuwa ikitunzwa na wanaume kwa kiapo, ikitunzwa pia na wanawake kwa hiari yao. Mama anayepiga vigelegele uwanjani na kujifanya hamjui anayecheza anamfanyia mwanawe kazi ileile aliyofanyiwa na rafiki yake kule kichakani. Wote wawili wamekubali kutomtaja.

Familia ya Kimakonde ina mtu mwingine ambaye tamthilia ya mjini humsahau: mjomba. Kwa mila, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mpwa wake, ndiye wa kuulizwa kabla kijana hajaingizwa jandoni. Uislamu ulioenea pwani na hata juu ya nyanda, Ukristo wa wamisionari wa Masasi na Ndanda, sheria za nchi, pamoja na mashamba ya mikorosho yanayorithishwa mwana, vyote vimempa baba nguvu ambayo babu yake hakuwa nayo. Hivyo kwenye shughuli ya jando leo unaweza kukuta baba ndiye aliyetoa fedha na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, wote wawili wakitabasamu mbele ya wageni. Mtu mwenye kalamu angeweza kukaa na ugomvi huo wa tabasamu kwa maonyesho mawili.

Nirudi kwenye ngoma, kwa sababu bila ngoma lipiko ni gogo.

Vinganga ni ngoma ndogo nyembamba zenye mguu uliochongoka. Huchomekwa ardhini zikasimama zenyewe, zikapigwa kwa vijiti vyembamba, na sauti yake ni kali, ya haraka, haina huruma. Chini yake kuna ligoma kubwa linalosema maneno machache yenye uzito. Kabla ya mchezo ngozi huoteshwa moto wa majani makavu. Tazama kazi hiyo siku moja ukipata nafasi: kijana anaishika ngoma kwa mikono miwili, anaizungusha juu ya mwali, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Moto ukizidi, ngozi inapasuka na shughuli imeingia doa. Ukipungua, sauti inakuwa ya kulegea na wazee wanaanza kunung'unika. Baada ya nusu saa hivi ya mchezo ngozi imepoa, hasa Mtwara ambako upepo wa bahari una unyevu, na kijana anakimbia tena kuwasha majani. Hakuna anayempigia makofi.

Mchezaji hutokea upande wa pili wa uwanja, mbali, akija kuelekea ngoma. Anatembea, anasita, anageuka. Vinganga vinamchokoza. Kisha ghafla anasimama kama aliyegandishwa, na uwanja mzima unasubiri. Anayeongoza ngoma hutupa msemo wake, mwili ukaujibu, hatua kwa pigo, njuga zikimalizia sentensi. Wakipishana hata kidogo watu wanacheka, na kicheko cha uwanja wa Kimakonde hakina adabu. Kumbuka huyu mtu haoni vizuri. Anacheza ndani ya giza la mti na nguo, joto limemzidi, na kitu pekee kinachomwambia yuko wapi ni mkono wa mwenzake juu ya ngozi ya ngoma. Sanaa ya mpigaji ni kumjua mchezaji: pumzi yake, goti lake bovu, namna anavyochelewa kidogo akichoka. Sanaa ya mchezaji ni kumwamini. Waigizaji wa vyuo hulipiwa ada wafundishwe mazoezi ya kuaminiana jukwaani. Wakulima wa korosho hawa huaminiana tangu wakiwa na miaka kumi.

Wageni walizifuata ngoma hizo mapema. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijaisha kabisa, alishuka Lindi Mjerumani aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, akiwa na fonografu na kamera ya filamu. Alipita Masasi, akapanda Newala, akanasa sauti za watu kwenye silinda za nta, akapiga picha za ngoma na kununua vinyago vingi. Kitabu chake kilitoka 1908. Ni jambo la kustaajabisha kwamba sauti za mababu wa Newala zilinaswa mapema namna hiyo. Lakini kila nikiangalia picha za vinyago vilivyotundikwa ukutani Ulaya nahisi vimeibiwa zaidi ya mti. Nywele halisi za binadamu zilizobandikwa kichwani zipo, nembo za usoni zipo, ndonya ya mdomo wa juu ipo. Aliyemvisha mwenzake, aliyechomeka kinganga ardhini na aliyejifanya hajui hawakununulika.

Na mto nao una yake. Wajerumani walijitwalia Kionga, ile pembetatu ya kusini mwa mlango wa Ruvuma, mwaka 1894. Wareno wakaichukua katika vita vya kwanza vya dunia na kukabidhiwa rasmi mwaka 1919. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kionga angeweza kuishi chini ya Sultani, Mjerumani na Mreno bila kuhama nyumba. Mashangazi walibaki huku, wajomba kule. Wamakonde wa Msumbiji walivuka kuja kwenye mashamba ya mkonge ya Mikindani, Lindi na hata Tanga, wakaja na vyao vyote. Baada ya mauaji ya Mueda, yaliyofanywa na Wareno tarehe 16 Juni 1960, walivuka wengine wengi zaidi kwa sababu nyingine. Chama cha ukombozi cha Frelimo kikaundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vya uhuru vikaanza Septemba 1964, kambi ya mafunzo ikawa Nachingwea, na Mtwara ikawa na hospitali ya Frelimo, iliyopewa jina la Américo Boavida, ya kutibu majeruhi wa upande wa pili.

Mapiko hayakukaa kando. Yalikuwa na mazoea ya kuchonga kila mtu: Mzungu mwenye kofia, karani, polisi, bibi mwenye ndonya, mwenye duka. Kilichokuwa kichekesho cha kijijini kikawa silaha ya kumdhihaki mkoloni, na baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 kikawa cha chama na cha sikukuu za taifa. Mtafiti Mwitaliano Paolo Israel, aliyeandika kitabu kizima juu ya mapiko kilichotoka 2014, anaonyesha jinsi kila rika lilivyobuni mtindo wake ili kulishinda rika lililotangulia, kila mtindo na ngoma zake na jina lake. Jambo hilo watu wa Mtwara hawahitaji kuambiwa na mtafiti. Vijana waliotoka kumbi moja wana timu yao, na timu ya miaka mitano iliyopita wanaiita ya wazee.

Ngoma ya beni nayo ilikuwa hivyo pwani nzima ya Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia: kundi la Marini dhidi ya kundi la Arinoti, wanaume wazima wakijipa vyeo vya kingi na kapteni, wakivaa sare, wakishindana kwa tarumbeta na karamu mpaka wengine wakafilisika. Wanaume wa pwani wamekuwa wakipendana kwa njia ya kushindana kwa muda mrefu kuliko tunavyokiri.

Serikali ilipotaka utamaduni wa taifa, kusini ilitoa sindimba. Wizara ya Utamaduni iliundwa mwaka 1962, kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata, na sindimba ya Wamakonde ikawa ngoma ya kila mgeni wa heshima, kila uwanja wa ndege, kila sherehe. Magazeti yalijadili viuno vyake kana kwamba viuno ndivyo vilivyokuja kutoka Newala peke yake. Kikundi kilipovunjwa kazi ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza 1981, ambacho leo ni TaSUBa, pamoja na vikundi vya Dar kama Muungano na TOT. Sina ugomvi na hao. Waliitunza hatua. Lakini sindimba ya jukwaani ni ya wanawake na wanaume waliopangwa mstari wakitabasamu kwa mgeni rasmi, dakika saba, kisha wanatoka. Kumbi limebaki nyuma, mama amebaki nyuma, mjomba hakualikwa. Tulichukua kiungo kimoja cha tamthilia tukakiita burudani, halafu tukalalamika kwamba kusini haina tamthilia.

Wakati huohuo, mtoto mmoja wa pwani ya kusini alikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiandika tamthilia bora ya Kiswahili juu ya urafiki wa wanaume wawili. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943, anafahamika zaidi kwa Kinjeketile ya 1969. Mimi naipenda zaidi Mashetani, iliyochapishwa 1971. Juma na Kitaru ni marafiki, wanafunzi. Mwanzoni wanacheza mchezo chini ya mbuyu: Juma ni shetani, Kitaru ni binadamu. Mchezo unakolea kuliko walivyotaka. Kitaru anaugua kwa mawazo, na polepole tunaona kilichomo kati yao: familia ya Juma ilipoteza cheo na mali kwa Mapinduzi ya Zanzibar, ya Kitaru imepanda pamoja na uhuru. Nyumbani kwa Juma yuko bibi aliyeshikilia enzi zilizopita. Kwa Kitaru wako wazazi wenye vitu vipya. Vijana wenyewe hawakugombana juu ya chochote. Wamegombanishwa na nyumba zao, na hawawezi kusema hivyo kwa maneno ya moja kwa moja, kwa hiyo wanasema kwa kuigiza.

Siwezi kuisoma tamthilia hiyo bila kuwaza kumbi. Sidai kwamba Hussein alikuwa akiwaza mapiko. Hakuhitaji, na Mashetani inasimama yenyewe. Ila tazama: rafiki anavaa sura isiyo yake, mwenzake anatakiwa acheze naye kana kwamba hamjui, na hatari yote iko pale ambapo mmoja atakataa kuendelea na mchezo. Juma na Kitaru wanavuana vinyago mbele yetu, na wakishavuana hakuna kiapo cha kuwashika. Vijana wa kumbi walijifunza kinyume chake. Wao walianza kwa kuvua, wakaapa, ndipo wakavishana.

Somo hilo halijafa mjini, limebadilisha nguo tu. Kijana wa Mtwara aliyejiita Konde Boy, Harmonize, alichukuliwa na Diamond Platnumz katika lebo ya WCB mwaka 2015. Mwaka 2018 wimbo wao wa Kwangwaru ulipigwa kila kona ya Afrika Mashariki. Mwaka 2019 akaondoka na kuanzisha Konde Music Worldwide. Nchi nzima iliugeuza uhusiano wao kuwa tamthilia, kila mtu na kiti chake cha mbele, kila mtu akidai anajua kilichokuwa nyuma ya pazia. Sitajiunga nao. Ninachoona ni hadhira: watu wanaolipia bando kwa hamu ya kujua kama marafiki wawili wa muziki bado ni marafiki. Mwandishi wa tamthilia anayelalamika kwamba watu hawapendi kutazama maigizo ajiulize anaigiza nini.

Mtwara kwenyewe juhudi zipo. Tangu 2008 shirika la ADEA limekuwa likiandaa tamasha la MaKuYa, jina linalokusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao, na vikundi vya vijijini hushuka mjini na ngoma zao. Faida yake ni kubwa: wanaokuja ni kundi zima lililozoeana, si wachezaji waliokusanywa wiki iliyopita. Kasoro yake ni ya matamasha yote. Uwanja wa mpira una kipaza sauti, na mtangazaji anayesema kila kitu kabla hakijatokea. Lipiko likitangazwa kwa jina la kijiji, kata na mwenyekiti wa kikundi, siri yake imeingia kwenye ratiba.

Kisha kuna fedha, na kusini fedha ni korosho. Minada hufunguliwa kuanzia Oktoba; malipo yakija vizuri, Desemba yote ni vumbi, miavuli na spika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia mwaka 2007, mkulima hungoja chama chake cha msingi, nacho kingoje chama kikuu cha ushirika, TANECU au MAMCU, nacho kingoje mnunuzi. Novemba 2018 serikali ilipokataa bei za wafanyabiashara na kutuma jeshi kukusanya korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalichelewa kwa wengi na jando la watoto wengi likasogezwa. Unaweza kupima hali ya uchumi wa Tandahimba kwa idadi ya ngoma zinazosikika usiku wa Desemba, na takwimu hiyo haidanganyi sana. Spika nazo zimeleta jambo lake. Singeli ya kukodi ni rahisi kuliko kulisha wapiga vinganga sita na wasaidizi wao kwa siku tatu, na DJ haoteshi moto ngozi. Vijana wanaocheza singeli uwanjani wanacheza vizuri mno, lakini kila mtu anacheza peke yake. Spika haimjui mchezaji wake.

Tangu Oktoba 2017 vita vimerudi ng'ambo ya mto, Cabo Delgado, na vimekwisha kuvuka pia: Oktoba 2020 wavamizi waliingia Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya pili, ulivamiwa. Watu waliokuwa wakienda na kurudi kwa mitumbwi kwenye harusi na misiba wakajikuta wanaulizwa maswali ambayo babu zao hawakuwahi kuulizwa. Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010, liko mbali sana juu ya mto, Mtambaswala. Huku chini, penye mikoko, kuvuka ni kwa chombo na kwa kufahamiana. Kundi la mapiko ambalo mpigaji wake yuko ng'ambo na mchezaji wake yuko huku lina tatizo ambalo hakuna ofisi ya utamaduni iliyo na fomu yake. Na kutomtaja mtu, ambako uwanjani ni heshima, mbele ya mtu mwenye bunduki ni jambo jingine kabisa, liwe la kumficha mwema au mbaya. Tamthilia itakayoandikwa kusini katika miaka hii haitaweza kulikwepa hilo.

Wala haitaweza kuwaacha wanawake uwanjani wakikimbia. Ng'ambo ya mto wanawake walikwisha kuchoka kujifanya hawajui. Walibuni vinyago vyao wenyewe, wakavivaa, wakapiga ngoma zao, wakauita mchezo huo lingundumbwe. Wanaume walikasirika kwanza, kisha wakaja kutazama. Anayevishwa ni mwanamke, anayemvisha ni mwanamke, na wa kutojua safari hii ni waume zao.

Kama kipo kikundi Mtwara kitakachothubutu kuiigiza Mashetani kwa mtindo wa huku, ningewaomba wasiijengee jukwaa. Wamchukue Kitaru nyuma ya kichaka wamvishe, Juma akae kwenye ngoma. Bibi yake Juma asikae ndani ya nyumba kama kwenye kitabu. Akae mbele kabisa na wanawake wenzake, na kanga ya sare, na aruhusiwe kucheka. Mbuyu usichorwe, upo wa kweli Mikindani. Na mpigaji ligoma atafutwe mapema, mwezi wa tisa hivi, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa, maana baada ya hapo aliye mzuri hapatikani kwa simu.